Jua la Kyalo

Juzi kazini mwenzangu alifungua chupa ya mafuta ya samaki pale mezani kwake, yale ya watoto yanayotiwa ladha ya machungwa, akaonja kidogo kabla ya kumpelekea mtoto wake jioni. Harufu ikanifikia nilipoketi: chungwa kwanza, halafu samaki. Niliinuka, nikatoka, nikaenda kusimama kwenye ngazi kama mtu anayepiga simu. Wenzangu wananijua kwa hasira za karibu, nadhani walifikiri nimeudhiwa na mtu. Lakini mimi nilikuwa nimerudi Soweto West, kule Kibera, nina miaka tisa, nimeshika kijiko mbele ya mdomo wa mdogo wangu na yeye ameubana hataki.

Nitaeleza ilivyokuwa, na yeyote anayetaka kuniambia "ulikuwa mtoto, hukujua" tafadhali asubiri nimalize. Mama ameniambia maneno hayo miaka nenda miaka rudi na hayajanisaidia.

Kabla ya Kibera tuliishi Kawangware, kwenye ploti moja na dada ya mama, Aunti Syombua. Chumba chetu kilikuwa cha mbele. Mlango ulifunguka moja kwa moja kwenye uwanja wa kuanikia nguo, na asubuhi jua liliingia ndani mpaka chini ya kitanda, likaonyesha viatu vilivyopotea. Mimi nilikulia kwenye uwanja ule nikiwa na chupi tu, nimejaa vumbi kuanzia nywele. Hakuna mtu pale aliyewahi kutaja vitamini. Nilikula ugali na sukuma kama watoto wote, na miguu yangu ikanyooka bila mtu kuifikiria.

Kisha baba akarudi Kitui na hakuonekana tena. Mama akiwa mjamzito tukahamia Soweto West, karibu na mitaa aliyopata vibarua vya kufua nguo. Mdogo wangu alizaliwa wiki hiyo hiyo ya kuhama, ndiyo maana akaitwa Kyalo, yaani safari kwa Kikamba. Chumba kipya kilikuwa cha mwisho kwenye safu, na mbele yake palikuwa na safu nyingine, mabati ya huku yakikaribia kugusana na ya kule. Korido iliyobaki katikati ilitosha mtu mmoja na mtungi wake wa maji. Saa sita mchana tuliwasha taa ili tuone wali umeiva au bado. Nguo zilizoanikwa ndani zilinuka hata zikikauka.

Shule yetu ilikuwa na vyumba vichache, kwa hiyo sisi wa darasa la tatu tulisoma asubuhi tu. Asubuhi Kyalo alikaa kwa jirani yetu Mama Vivian, aliyepika mandazi ndani ya chumba chake na kumlaza mtoto nyuma ya pazia, mbali na jiko. Mchana alikuwa wangu. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikakaza fundo kifuani kama nilivyoona wanawake wakifanya, tukatoka. Tulienda kwenye reli, ambako anga lilifunguka ghafla na mtu akajikuta anafumba macho. Siku nyingine nilifika Soko la Toi kuangalia viatu vya mitumba ambavyo sikuwa na nia ya kununua, na wauzaji walimfinya Kyalo mashavu. Alipenda kulaza uso mgongoni mwangu akaloanisha shati kwa mate. Nilijisikia mtu mzima. Nilitembea kwa maringo, nikisema ukweli, na nilitaka watu waone.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi tulikuwa kwenye foleni ya maji. Kyalo alikuwa karibu mwaka mmoja, amejishikilia kwenye mtungi, anajaribu kusimama. Mama Vivian alikuwa mbele yetu na mwanamke mwingine, na walizungumza kama watu wazima wanavyozungumza watoto wakiwepo, kana kwamba hatuna masikio.

"Ona miguu ya huyu," yule mwanamke alisema. "Si imepinda?"

"Ni vile anabebwa na Mwende," Mama Vivian akamjibu, akinionyesha kwa kidevu. "Mtoto akibebwa mgongoni na mtoto mwenzake, miguu inapanuliwa hivi, inashika hivyo hivyo. Mi nimeona mingi. Lakini mamake atado nini? Lazima aende job."

Hakusema kwa ubaya. Mama Vivian hakuwa na ubaya hata kidogo, alitupa mandazi yaliyoungua kila siku. Nilitazama miguu ya Kyalo. Kati ya goti na goti ngumi yangu ingepita. Sikuwa nimeiona nafasi ile hata siku moja, na baada ya hapo sikuweza kuona kitu kingine.

Sikumwambia mama. Niliogopa angeacha kazi abaki nyumbani, na mimi mwenyewe nilijua vizuri tulikula kwa mikono yake. Kwa hiyo niliamua kuirekebisha mwenyewe. Niliharibu mimi, nitanyoosha mimi. Tangu Jumatatu ile sikumbeba tena.

Nilichofanya ni hiki. Kila mchana nilimchukua kwa Mama Vivian, nikamlaza chali kitandani, nikaibananisha miguu yake pamoja na kuifunga kwa leso kuanzia vifundoni mpaka mapajani, kama shangazi zangu Kitui walivyofunga mche wa nyanya kwenye kijiti. Leso ilikuwa ile ile ya kumbebea. Nilikaa pembeni yake nikifanya hesabu za shule na kumwimbia. Mwanzoni alilia sana. Kulikuwa na tundu la msumari kwenye bati la paa, na mchana mwanga ulipenya ukaweka duara dogo kwenye blanketi, la ukubwa wa kifuniko cha soda. Kyalo alilipenda duara lile. Alirusha mikono kulishika, alijikunja, leso ikalegea. Siku ya tatu nilipanda juu ya meza nikaliziba tundu kwa chingamu ili atulie.

Akatulia.

Jioni mama alirudi na vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, akaketi kitandani, akamchukua Kyalo, akauliza kila siku swali lile lile. "Mlitoka leo?"

"Tulitoka."

"Mlifika wapi?"

"Reli." Au nilisema Toi. Nilijifunza kuongeza mambo madogo: tuliona mbuzi, mtu aliuza miwa. Mama alipenda habari hizo. Alikuwa mtu aliyefungiwa siku nzima kwenye mabafu ya watu, na mimi nilimletea mbuzi wa uongo.

Miezi ikapita. Kyalo aliacha kujaribu kusimama. Kichwa chake kilitoka jasho hata kukiwa na baridi, mto ukaloana, na ukimshika mbavuni kumwinua alilia kama amechomwa. Mama alisema ni meno. Kila mtu alisema ni meno, ingawa meno yenyewe hayakutoka. Viwiko vya mikono vilibaki vyembamba, lakini pale penye kifundo cha mkono palianza kunenepa, pakawa pana, pamevimba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani anapata nguvu. Nilimwonyesha Mama Vivian vifundo vile kwa fahari, naye akasema, "Eeh, sasa anashika mwili."

Aliyetufumbua macho ni Aunti Syombua. Alikuja Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita na mfuko wa viazi, akamnyanyua Kyalo kwa makwapa, akajaribu kumsimamisha juu ya mapaja yake. Miguu ikakunjika yote miwili. Ilikuwa imepinda kuliko siku ile ya foleni ya maji, imepinda hasa, na mimi nilikuwa nimeifunga kila mchana. Sikuelewa.

"Mama Mwende," aunti alisema polepole, "huyu mtoto ana mwaka na nusu. Mbona hasimami?"

"Anachelewa tu. Ni meno."

"Meno ya nini? Kesho mnakuja Kawangware, kuna kliniki pale najua sista mmoja."

Nilikosa shule siku hiyo. Sista alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alibonyeza vifundo vya mikono ya Kyalo, akapitisha vidole mbavuni, ubavu mmoja mmoja, akagusa utosi ambao ulipaswa kuwa umefunga na bado ulikuwa laini. Hakuharakisha, wala hakuficha.

"Hii ni mifupa laini," alimwambia mama. "Amekosa vitamini D. Hiyo si kama zile zingine utanunua kwa mboga. Mwili unaitengeneza wenyewe, jua likishika ngozi. Mayai, maziwa, omena, maini, hizo zinasaidia, lakini kubwa ni jua. Watoto wa manyumba za giza tunawaona sana. Huyu anatolewa nje?"

Mama alinyooka kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile ameulizwa jambo aliloweza kulijibu vizuri.

"Kila siku," alisema. "Dada yake humbeba mpaka reli, mpaka Toi. Huyu msichana ananisaidia, sista, sijui ningefanya nini."

Sista akanigeukia. "Ni ukweli? Unamtoa?"

Nimeishi na dakika ile kuliko nilivyoishi na watu wengine. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na nililijua. Kiti cha mbao kilinichoma mapajani. Ukutani kulikuwa na picha ya karoti na papai. Mama alinitazama kwa uso uliojaa sifa, na nikaona kwamba nikisema hapana, nitaupokonya uso ule mbele ya watu.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi," sista alisema, akikunja uso kidogo, "kama jua anapata, tatizo itakuwa ni chakula. Dawa yenyewe ya matone imetuishia, ikija nitamwambia dada yako. Mpe yai kila siku. Mrudishe baada ya mwezi, tukiona hakuna mabadiliko tutamtuma hospitali kubwa."

Aunti alinunua ile chupa ya mafuta ya samaki njiani. Mama akaanza kumpa Kyalo yai kila asubuhi, na ilikuwa wazi hata kwangu kwamba yai lile lilitoka kwenye sahani yake yeye. Alimlisha kwa subira, kipande kwa kipande, akisema, "Kula, Kyalo wangu, mifupa ishike." Mimi nilipewa kazi ya kijiko cha mafuta mchana. Alibana mdomo, nilimfinya pua, akafungua, nikamimina, nusu ikatoka. Nilijua tunamlisha upande usiofaa. Nilikuwa mtu pekee Nairobi nzima aliyejua.

Niliacha kumfunga siku ile ile. Nikaamua nitamrudishia jua bila mtu kujua. Lakini kuna mambo mawili yalinizuia, na msomaji wa umri wangu aliyekulia Nairobi tayari amekwisha kuwazia la kwanza: ulikuwa mwezi wa saba. Jua la Nairobi mwezi wa saba halipo. Asubuhi kuna ukungu, mchana kuna wingu la kijivu lililotulia juu ya mabati, jioni kuna manyunyu. La pili ni kwamba bado niliamini maneno ya foleni. Sista alisema jua, hakusema lolote kuhusu kubeba. Kwa hiyo nilipaswa kumpeleka mtoto nje kwenye jua lisilokuwepo, bila kumweka mgongoni.

Nikachukua beseni la kuogea, lile kubwa la bluu, nikatoboa ukingo kwa msumari wa moto, nikafunga kamba iliyotoka kwenye bale la mitumba. Nilimkalisha Kyalo ndani na blanketi nikamburuta mpaka reli. Vijana waliokaa kwenye mawe walikufa kwa kicheko, beseni wakaligeuza matatu ya kwenda mjini.

"Niaje dere! Hiyo ndai inaenda tao?"

"Mbona umebeba mmoja? Ngoja ijae!"

Kyalo aliwacheka pia. Kwa kweli alilifurahia beseni lile. Tukifika nilimvua soksi na suruali, maana sista alisema ngozi, nikatazama juu. Baridi ilimtoa vipele miguuni. Kila mara mwanamke mmoja alipita akanifokea, "We msichana, funika mtoto! Unataka apate nimonia?" Nikamfunika. Akiondoka nikafunua goti moja, halafu la pili. Alianza kukohoa. Nikamfunika tena. Nilisimama pale na mkono mmoja kwenye blanketi nisijue lipi litamuua, kufunika au kufunua, na hakukuwa na mtu ningeweza kumuuliza bila kuanza kueleza tangu Krismasi.

Siku nane tulienda hivyo. Jua lilitoka siku moja tu, Alhamisi asubuhi, nikiwa darasani. Liliingia dirishani likakaa juu ya daftari la jirani yangu, la njano, la kweli kabisa. Niliomba ruhusa ya choo nikakimbia mpaka nyumbani. Mama Vivian alikuwa anageuza mandazi.

"Unampeleka wapi na amelala? Na si uko shule?"

Nilimtoa Kyalo nyuma ya pazia na usingizi wake, nikamtia kwenye beseni, nikakokota. Beseni lilikwama kwenye mfereji, nikalinyanyua, likakwama tena kwenye mawe. Niliona kivuli changu chini mbele yangu, nikakimbilia kivuli kile. Tulipofika relini nikamvua suruali kwa haraka, na nilipoinua kichwa kivuli kilikuwa kimekwisha. Wingu lilijifunga juu yetu kama kifuniko. Kyalo akaamka kwa baridi, akalia, na mimi nikalia pamoja naye kwa sauti, nikilitukana jua matusi ambayo sikujua nayajua.

Hivyo ndivyo mama alivyotukuta. Alikuwa amerudishwa kutoka kazini. Mwezi wa saba nguo hazikauki, na mama mwenye nyumba alikuwa amemwambia arudi hali ya hewa ikibadilika. Alikuwa anatembea kando ya reli na mfuko wake mtupu akasikia sauti yangu.

"Mwende? Si uko shule?"

"Nimemleta Kyalo jua."

"Si unamletanga kila siku?"

Alitazama beseni, akatazama kamba.

"Na hii ni nini? Mbona hujambeba?"

"Nikimbeba miguu inapinda. Mama Vivian alisema. Ndio nikaacha."

"Ukaacha lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilitaja miezi mmoja mmoja bila sauti, mpaka ikafika saba. Nilijua nitapigwa na nilitamani nipigwe, ningejua adhabu imekwisha. Hakunipiga. Aliketi kwenye chuma cha reli kilicholowa, na kitu pekee alichosema, alikisema mara mbili, ni, "Na mimi nikamwambia sista."

Kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni. Akamtoa Kyalo kwenye beseni, akamfuta pua, akaniambia niiname. Alimweka mgongoni mwangu, akamfunga, akakaza fundo kifuani pangu kwa nguvu mpaka pumzi ikanikata.

"Mbebe," alisema.

Tulisimama pale watatu, tumeelekea upande ambao jua lingekuwepo, mpaka manyunyu yakaanza.

Tulirudi kliniki wiki hiyo na mama akaeleza yote, akasema kosa ni lake. Sista alisema kubebwa mgongoni hakujawahi kupinda mguu wa mtu yeyote, na kwamba miguu ya mtoto wa mwaka mmoja mara nyingi huwa imepinda kidogo, hunyooka yenyewe. Huenda tatizo lilikuwa limeshaanza kidogo kidogo kwa sababu ya kile chumba, huenda halikuwa limeanza kabisa. Hakuweza kusema, na mimi nimemwuliza kila daktari niliyekutana naye tangu hapo na hakuna aliyeweza kusema. Matone yalipatikana mwezi wa nane. Jua lilirudi wa tisa. Kyalo alitembea akiwa amepita miaka miwili. Mguu wa kulia ulinyooka kadiri alivyokua. Wa kushoto ulisikia dawa ukiwa umechelewa, ukabaki hivyo.

Sasa ni mwanamume mzima, ni fundi wa kuchomelea milango, ana maneno mengi na marafiki wengi. Tukikutana kwa mama, mtu mgeni akiutazama ule mguu kwa kuibia, Kyalo humsaidia. Hunivuta karibu kwa mkono mmoja na kusema kwa sauti kubwa, "Ni huyu! Dada yangu alinipenda vibaya. Alinibeba mgongoni kila siku, hakutaka kunishusha, mpaka mguu ukapinda." Watu hucheka, nami hucheka. Mama hutazama chai yake. Ni hadithi anayoipenda kuliko zote za utoto wake, na hatujapata namna, mimi wala mama, ya kumwambia kwamba nilimshusha.